Sura ya Tatu na Boma la Alego

Akello alikaa mezani nyumbani kwake Mugutha, akainuka kabla hajaandika neno. Akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Akaosha kikombe kilichokuwa safi. Sura ya tatu ya tasnifu yake ya uzamifu ilikuwa imeleta vita kwa wazazi wake, na kesho yake ndiyo siku ya kikao cha familia.

Sura yenyewe ilisema kwamba mkoloni alichora ramani, akaligawia kila kabila pahali pake, na hadi leo mtu aliyezaliwa Thika, akasoma Thika, akaolewa Ruiru, bado anaulizwa kwao ni wapi, naye hujibu kwa kutaja mahali anapolala wiki mbili kila Desemba. Akello aliamini kila neno. Kosa lake lilikuwa kumpa baba yake asome.

Mzee Odhiambo, fundi mstaafu wa mitambo ya kiwanda cha nguo, alimaliza sura ile, akampigia simu mdogo wake Owino kule Alego, kijijini kwao. Alimwambia hatajenga huko tena. Akifa azikwe Witeithie, kwenye ploti yake. Binti yake ameandika kwamba haya mambo ya kwao yaliletwa na wazungu, na binti yake si mtu wa kubahatisha.

Mama yake, Idah, hakusoma sura wala hakuhitaji.

"Wewe umeolewa, una kwa kina Muriithi," alimwambia Akello. "Mimi nikifa unanipeleka wapi? Kando ya tangi la maji?"

Msimamizi wake, Dkt. Nyawira, aliposikia hayo alifurahi kupita kiasi. Alisema mtafiti hupata bahati kama hiyo mara moja, akamsihi arekodi kikao kizima kwa simu. Akello alimwambia ataona. Usiku ule alijigeuza kitandani hadi Muriithi akahamia kwenye kochi.

Jumamosi Owino alifika kwa kaka yake Witeithie na mfuko wa karanga na kuku mmoja. Walikula, wakanawa. Odhiambo akamgeukia binti yake, akamwambia aeleze vile alivyoandika, polepole, baba yake mdogo aelewe. Simu ilikuwa kwenye mkoba wa Akello. Hakuitoa.

Alieleza. Maneno yaliyokuwa yakisimama imara kwenye karatasi yaliteleza pale sebuleni kama sabuni. Owino alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kule boma lake sasa lina miti ya kivuli, na kiwanja cha kaka yake bado kipo, yeye hukifyeka kila msimu.

"Wewe si ulitangulia?" Odhiambo akasema. "Kaa nalo."

Hapo Akello akakumbuka. Katika tanbihi ya sura hiyohiyo alikuwa ameeleza desturi hii kwa mistari minne: mwana mkubwa hutoka kwanza bomani mwa baba yao kwenda kuanzisha lake, mdogo hufuata, na mdogo akitangulia amemvua mkubwa nguo mbele ya watu. Aliiweka kama mfano, na baba yake hakumjia akilini hata kidogo.

Wote walikuwa wanamtazama. Angeweza kukaa kimya, na sura yake ingeshinda.

"Baba," alisema, "hukuacha kujenga kwa sababu yangu. Uliacha siku baba mdogo alipotoka kabla yako."

Odhiambo alivua miwani. "Kwa hivyo umeandika uongo?"

"La. Nimeandika kweli. Lakini sikuiandika ili ujifiche nyuma yake."

Idah alishika kiti chake kwa mikono miwili. Owino akasema kwa sauti ndogo:

"Nilikungoja, jaduong', mzee wangu. Watoto wangu walioa wakiwa bado wanalala jikoni kwa mama, maana sikuwa na boma langu."

"Ungenipigia simu."

"Nikuambie nini? Kwamba umechelewa kufika kwenu?"

Odhiambo alienda mlangoni, akasimama akiutazama ukuta wa jirani, mikono nyuma. Kuku wa Owino, miguu imefungwa, alipigapiga mbawa kwenye veranda. Hatimaye mzee alisema, bila kugeuka, kwamba atakwenda Agosti. Kuangalia tu.

"Agosti ya mwaka gani?" Idah akauliza.

"Agosti hii."

Idah aliinuka papo hapo kwenda kutafuta kamba ya kupimia kiwanja.

Nje, Akello alimpigia Dkt. Nyawira, akamwambia hakurekodi na hataandika kuhusu kikao. Sura ya tatu ataianza upya. Nyawira aliuliza ni nini hasa kimebadilika katika hoja. Akello alitembea hadi langoni, akarudi, akatembea tena, simu sikioni.

"Bado sijui," alisema. "Nipe muda."

Ndani, baba yake alikuwa ameanza kubishana na Owino kuhusu mlango wa nyumba mpya utazame upande gani.