Mahali pa Kutemea

Mvinyo wa tano umo kinywani mwa Aikande na anahesabu kimoyomoyo hadi nane, kama anavyohesabu akionja kahawa kila siku ya kazi, ulimi ukiusukuma kulia, ukiusukuma kushoto, ukiupitisha chini ya fizi, kisha anainama juu ya ndoo ya bati na kuutema wote kwa mkondo mmoja mwembamba usiorusha hata tone. Anafuta midomo kwa leso. Anaandika kwenye kadi: mkali mwanzoni, zabibu iliyoiva sana, mwisho mfupi. Kadi ina mistari saba na amejaza mitano, kwa herufi ndogo zilizonyooka, ilhali wenzake wawili wa safari wameacha kuandika tangu mvinyo wa pili. Nyakundi, muonjaji wa chai kutoka Kericho, anajipepea kwa kadi yake. Dada Aikande, anamwambia, huu si mtihani wa darasa la saba, hakuna atakayekusahihisha. Bi Zuhra, mnunuzi wa karafuu kutoka Pemba, ambaye pombe haijapata kugusa midomo yake na amekuja kunusa tu, anazungusha glasi, anaingiza pua, anairudisha mezani. Mwache aandike, anasema, mimi niliyenusa tu nimeanza kuiona meza mara mbili. Wanacheka, na Aikande anacheka kwa ndani, kama kawaida yake, akifunika kalamu.

Wamekuja Ureno kwa mkutano wa waonjaji, na leo, Alhamisi, ni siku ya matembezi. Tangu asubuhi basi limewapandisha na kuwashusha vilima vilivyokatwa ngazi ngazi, mizabibu imejipanga juu ya kila ngazi, na kila shamba limewapa glasi na ndoo. Jumamosi asubuhi watakuwa wameshatua makwao, na Jumamosi hiyo ndiyo inayomsumbua Aikande, kwa sababu simu yake ina ujumbe wa Manka, binti wa mdogo wake Ndekirwa, ulioingia Jumatatu. Shangazi, baba amepika mbege, itaiva Jumamosi. Anauliza kama utakuja, ili ajue kata ya kwanza ampe nani. Ndekirwa hajapika mbege, pombe ya ndizi ya kwao, kwa miaka tisa. Aikande ameusoma ujumbe kwenye kila shamba, na kwenye kila shamba ameirudisha simu mkobani bila kujibu.

Dona Lurdes, mwenyeji wao, mama wa makamo mwenye aproni ya buluu, anawashusha ngazi za mawe hadi kwenye ghala la mapipa chini ya kilima, ambako joto la mchana haliingii na baridi yake ni ya ndani ya mtungi. Mvinyo wa sita unachotwa pipani palepale. Aikande anaufyonza kwa sauti, kama wafanyavyo watu wa kazi yake, anaugeuza, na ndipo anapokumbuka kwamba ndoo imebaki juu. Anajishika shavu. Dona Lurdes anaelewa na kupanda ngazi kwenda kuileta. Umeze tu, dada, anasema Nyakundi, hatutakusema. Aikande anatikisa kichwa. Miaka ishirini na miwili hajapata kumeza anachokionja. Anaketi kwenye benchi, anaegemea pipa, anafumba macho ili ausikie vizuri ulimi wake, na kuanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu. Pipa linapumua mgongoni mwake. Nne. Tano. Sita.

Na pipa linafunguka nyuma yake kama mlango usio na komeo, naye anaingia kinyumenyume, mvinyo ungali kinywani, na kujikuta kwenye barabara nyeupe inayozunguka kilima. Anatembea. Barabara inapanda ngazi ya kwanza ya mizabibu, inapanda ya pili, inapanda ya tatu, na ya tatu ni ileile ya kwanza, na jiwe alilolivuka analivuka tena, wala haoni kwamba amepotea, kwa sababu ana haja moja tu, kupata mahali pa kutemea. Mbele yake anakwenda mtu mwenye aproni ya buluu. Mtu yule anapogeuka hana uso, mahali pa uso pamekuwa laini na peupe kama ndani ya kikombe, na sauti inatoka humo kwa mwangwi mdogo. Aikande hawezi kusema, basi anaonyesha mashavu yake kwa kidole. Unatafuta pa kutemea, anasema yule asiye na uso. Ni palepale ulipotema siku ile. Aikande ananyoosha mkono kuonyesha barabara, yaani hii inakwenda wapi. Inakwenda ulikotoka, anajibiwa, ila ulipotoka hapakuwa na barabara, umeikanyaga wewe mwenyewe kwa kutorudi. Aikande si mtu wa kubishana, na hata angekuwa, angebishana kwa kitu gani? Anafuata.

Wanafika mji wenye kuta za kioo, na ndani ya kila ukuta kuna mji mwingine kama huo umegeuzwa, na ndani ya huo mwingine, na mitaani kila mtu amejaza mashavu. Watu wanaamkiana kwa macho. Mama anamkanya mwanawe kwa nyusi. Mume na mke wamekaa barazani wameshikana mikono, mashavu yamewafura, na inaonekana hakuna aliyemwambia mwenzake neno tangu walipooana. Kila kona ina ndoo. Aikande anakimbilia ya kwanza, anainama, na ndani ya ndoo kuna uso wa Nyakundi unamtazama. Tafadhali, dada, unasema, shati hili nimelipiga pasi asubuhi. Anakimbilia ya pili, na humo kuna uso wake yeye Aikande, umepungua miaka tisa, umetulia, hauna habari. Anarudi nyuma. Kwenye njia panda anamkuta Bi Zuhra amepiga magoti, ananusa barabara moja baada ya nyingine kwa utaratibu, kama anavyonusa magunia. Hii inanuka mvua, mwanangu, anasema bila kuinua kichwa. Hii inanuka moshi wa jikoni. Na hii haina harufu yoyote, usiishike, umeshaitembea miaka tisa. Aikande anashika ya moshi.

Ya moshi inapanda, inazunguka, inajirudia, mizabibu inaongeza majani, majani yanapanuka, na sasa ni migomba. Mji unaofuata ni Moshi, lakini mlima umehamia upande usio wake na maandishi ya maduka yanasomeka kutoka kulia. Chumba cha kuonjea kiko wazi. Hapa ndipo alipoanza kwa kuosha vikombe vya waonjaji, akijifunza mwenyewe kwa mabaki yao, kikombe kwa kikombe, hadi siku walipomwita mezani. Meza ni ileile, ina vikombe sitini, na kutoka katika kila kimoja sauti inauliza neno lilelile kwa upole, kasoro gani, kasoro gani, kasoro gani. Anapita kimoja kimoja, haruki hata kimoja, hiyo ndiyo tabia yake, na mvinyo umeanza kupata joto kinywani, na taya zinamuuma. Nyuma ya kikombe cha sitini kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna ua wa nyumbani kwao.

Ua huu anaujua. Ni siku ya kumaliza matanga ya mama yao. Mama ndiye aliyekuwa akipika mbege, na siku ile Ndekirwa aliipika mwenyewe kwa mara ya kwanza, alichemsha ndizi, aliotesha ulezi, alitafuta gome la msesewe la kutia uchungu, hakulala siku mbili. Aikande alikuja moja kwa moja kutoka kazini, ameshaonja vikombe sitini tangu alfajiri. Ndekirwa alionja kwanza, kama mpishi anavyopaswa, ili wageni wawe na imani, kisha akampa kata dada yake mkubwa mbele ya ukoo mzima. Naye akafyonza kwa sauti. Akaizungusha ulimini. Akageuza kichwa na kutema kwenye majani, mkondo mmoja mwembamba, bila kurusha tone, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta kalamu. Hakudharau. Hakufikiri hata kidogo, kinywa chake kilifanya kazi yake. Ndekirwa aliangalia majani palipolowa, akaipokea kata, na hakumpa mtu mwingine. Palihitajika sentensi moja tu. Aikande alingoja aulizwe, akidhani ndugu yake ataelewa, kisha kesho yake aliona aibu, na mwaka uliofuata aibu ilikuwa imezeeka, na mtu hajui aianzie wapi aibu iliyozeeka. Watu walisema dada amesoma kwa Wazungu, mbege ya kwao inamnukia vibaya. Hakuwakanusha. Na jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba mbege ile ilikuwa nzuri, nzuri kuliko ya mama.

Sasa Ndekirwa amesimama palepale, kata mkononi, na wazee wote wameketi, hawana nyuso. Mwenye aproni ya buluu anaonyesha majani chini. Hapa ndipo, anasema, ukitaka kutema, tema, hakuna pengine. Majani bado yamelowa. Aikande anayatazama, anamtazama mdogo wake, ambaye amepata mvi na shati limemzidi mabega. Dada, anasema Ndekirwa, na hana hasira, hilo ndilo linalomuumiza, anauliza kama mtu anayetaka kujua tu ili asirudie kosa. Mbege yangu ilikuwa na kasoro gani?

Kinywa kimejaa. Ili ajibu ni lazima kiwe kitupu, na njia ni mbili, na moja ameshaipita. Anajilazimisha kama anayefungua dirisha lililokwama, na anameza. Na kilichoshuka si mvinyo, ni ndizi, ni ulezi, ni moshi, na mwisho kabisa uchungu wa msesewe unaokaa na kukaa na hauondoki. Ndekirwa anangoja. Aikande anafungua kinywa, sentensi iko tayari, imekuwa tayari miaka tisa, haikuwa na kasoro, ndugu yangu, na anapoisema kinachotoka ni, Saba.

Nane, anamalizia, na Dona Lurdes amesimama mbele yake na ndoo. Aikande anainama. Hakuna cha kutema. Amekunywa, anasema Nyakundi, akipiga paja, muonjaji mzima amekunywa, hii lazima niwapelekee watu Kericho. Aikande anaangalia sakafu, ni kavu, anaangalia leso, ni kavu. Anamtazama Dona Lurdes usoni, anamtazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, macho yapo, pua ipo. Nimekaa sana? anauliza. Kukaa wapi, anasema Nyakundi, mama kapanda na kushuka tu. Bi Zuhra amechukua glasi ya Aikande na kuingiza pua, na hasemi mzaha safari hii. Ajabu, anasema. Hii inanuka moshi wa jikoni.

Aikande anaandika kwenye mstari wa sita. Ndizi, ulezi, mwisho mrefu wenye uchungu. Kalamu inasimama, kisha anaongeza, haina kasoro. Anatoa simu, anaandika, Manka, mwambie baba yako siku ile mimi, na hapo vidole vinakwama, na juu dereva anapiga honi. Dona Lurdes anaeleza kwamba muda umekwisha, mvinyo wa saba wataonja kesho asubuhi kabla ya kuondoka, anaomba radhi. Hamna neno, anasema Aikande. Ujumbe nao atamalizia kesho. Anapanda ngazi akiwa wa mwisho, anaketi dirishani, kadi mapajani na mstari mmoja mtupu, na basi linaanza kuzunguka kilima kwa barabara nyeupe. Linapita jiwe. Baada ya kitambo linapita jiwe jingine linalofanana nalo. Nyakundi anamuuliza anawaza nini, na Aikande anatabasamu, anatikisa kichwa, midomo ameifumba, kama mtu ambaye hajui hakika kwamba kinywa chake ni kitupu.