Siri ya Ukoo wa Lou

Tabibu Lou Jingshan alikuwa barazani kwake akichambua maganda makavu ya machungwa, pale mwanamke mmoja alipoingia akitweta, mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka bonde la Heishui. Tabibu alimshika mtoto mkono, akautafuta mshipa wa kifundo, akautafuta tena, kisha akaurudisha ule mkono taratibu ndani ya mbeleko.

"Mama," alisema, "huyu ameshatutoka."

Mwanamke yule, Qiao Yinmei, hakulia. "Najua. Tangu jana mgongo wangu umekuwa wa baridi. Lakini nyumbani wapo wengine wawili wanatetemeka. Niambie tu nichemshe nini."

Dawa ya homa ile ilikuwa siri ya ukoo wa Lou kwa vizazi saba. Kila baba aliwakabidhi wanawe mbele ya vibao vya majina ya wahenga, nao wakaapa kutoitamka nje ya nyumba. Jingshan alimfungia vifurushi vyote alivyokuwa navyo, ambavyo vingemtosha mgonjwa mmoja, akamwambia arudi baada ya siku tano kuchukua vingine.

Alirudi baada ya siku nane.

"Nilishindwa kuchagua," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Niliwagawia nusu kwa nusu. Wamekwenda wote wawili. Sikuja kwa ajili yangu, Bwana Tabibu. Majirani wamenituma. Nyumba kumi na nne zina wagonjwa."

Asubuhi iliyofuata Jingshan alikwenda kwa Mzee Pang, mchonga mawe, wakaongozana hadi kwenye mwamba ulio kando ya daraja la sokoni. Huko tabibu akaanza kumtajia dawa ya ukoo wake, neno kwa neno, na patasi ikamfuata.

Habari zikamfikia kaka yake Jingtai, mwenye duka la dawa mjini. Alikuja mbio, pindo la kanzu kalishika mkononi.

"Umerukwa na akili? Baba hana hata miaka kumi kaburini, nawe unaimwaga siri yake njiani kama maji ya kunawia miguu!"

"Kaka, watu wanakufa."

"Na watakufa zaidi! Ule mzizi mweusi wa dawa hii usipoiva unaua kuliko homa yenyewe, wajua vizuri. Hao wakulima wako hata majina yao hawawezi kuyaandika. Watasoma nini hapo? Mikwaruzo?"

Jingshan aliutazama mwamba. Usiku kucha alikuwa amewaza kiapo. Hili halikumpitia akilini hata kidogo.

"Hapo umesema kweli," alijibu.

"Basi. Pang, weka patasi chini."

"Endelea, Mzee Pang," Jingshan alisema. "Mimi nitakaa hapa hapa niwasomee."

Siku hiyo hiyo Jingtai akalifuta jina la mdogo wake katika kitabu cha ukoo, akamkataza kukanyaga tena penye vibao vya wazee.

Jingshan akahamishia majiko yake kando ya mwamba. Yinmei alikuwa wa kwanza kukaa mbele yake. Tabibu alichovya kijiti katika chungu, akamgusisha kwenye ncha ya ulimi, kisha akamwambia ateme.

"Unasikiaje?"

"Unachoma. Sasa unakufa ganzi."

"Hiyo bado ni sumu. Ongeza kuni."

Walionja tena, na tena. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama Yinmei aliposema, "Naona uchungu tu. Ulimi umerudi kuwa wangu."

"Sasa ndiyo dawa."

Baada yake walikuja wengine, makundi kwa makundi, mabinti kwa bibi zao. "Bwana Tabibu," alisema bibi mmoja asiye na jino, "mume wangu kaniambia nijifunze ile iliyoiva tu. Ile ya mwanzo anasema nisiijue kabisa." Wanawake wakaangua kicheko. Yinmei aliinama akachochea moto.

Lakini mwezi wa saba, katika kijiji cha juu, mtu mmoja aliyekuwa na haraka aliepua chungu mapema, na mkewe akafa kwa dawa hiyo. Jingshan alipanda mlima hadi kwake, akapiga magoti uani. Mume akamtemea mate. Hakujifuta wala hakujitetea. Alikaa hapo hadi walipozika, akashuka, na kesho yake akarudi majikoni. Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mwambani kabla ya kuionja dawa kwa ulimi wake mara tatu.

Baridi ilipoingia, homa ilikuwa imelegea. Heishui walikuwa wamezika watu thelathini na mmoja, lakini tangu Yinmei awashe jiko lake huko walizika wanne tu kati ya hao.

Jingshan alikufa miaka sita baadaye, na Jingtai akakataa azikwe katika makaburi ya ukoo. Wanawake wa Heishui wakaja na mianzi yao ya kubebea mizigo, wakalibeba jeneza wenyewe. Walipopita mbele ya duka la dawa, Jingtai alitoka amevaa nguo nyeupe za msiba. Aliwafuata kwa nyuma hadi darajani, akasimama pale akitazama hadi jeneza lilipopotea kwenye kona, kisha akarudi kufungua duka.