Mikono ya Zoila na Sufuria ya Shaba

Zoila alichumbiwa kwa sababu ya vidole vyake. Siku Olmedo alipompeleka kwao mjini Ibarra, mama yake, Bi Hermelinda, alimpa mgeni mkono, akaushika, akaugeuzageuza kama anayekagua samaki sokoni, kisha akamwambia mwanawe asimwachie huyu. Mkono baridi namna hii, alisema, ni wa kuzaliwa nao.

Kwenye duka lao, kando ya bustani, aiskrimu haikujua mashine. Sufuria pana ya shaba ilikalishwa juu ya barafu, chumvi na majani makavu, ndani yake juisi ya stafeli au pasheni, na mtu akaizungusha kwa mikono mpaka juisi ikashikana. Olmedo, mwenye viganja vya moto kama mkate uliotoka tanuri, alipigwa marufuku kuigusa tangu utotoni. Yeye alikoroga nogada, peremende ya sukari na njugu, jikoni, akitokwa jasho mwaka mzima.

Zoila akazungusha miaka minane. Mwanzoni vidole viliingia ganzi tu. Baadaye vikaanza kubadilika rangi: vyeupe kama chokaa, halafu bluu, halafu vyekundu, vinawasha kama vimepakwa pilipili. Vikiwa vyeupe, Bi Hermelinda aliwaonyesha wateja kwa fahari.

Lakini Nayeli, binti yao wa miaka mitatu, akimwona mama anakuja kumwogesha, alikimbilia chini ya kitanda. Na siku mtoto alipopata homa, Zoila alimwekea mkono kwenye paji la uso asihisi kitu. Ikabidi ampime kwa midomo. Hilo ndilo lililompeleka zahanati.

Nesi alimuuliza kama anavuta sigara. Havuti. Anafanya kazi gani? Zoila akaeleza. Nesi akaweka kalamu chini.

"Dada yangu, yaani unashinda na barafu kutwa, halafu unakuja kuniuliza kwa nini mikono imepoa?"

Akamtoa damu ikapimwe, akamweleza kwamba mishipa midogo ya vidole vyake ni mioga. Ikionja baridi inajikaza, damu inakosa njia. Avae sweta hata ndani, maana kiwiliwili kikipoa damu huitoroka mikono. Ajipashe taratibu, kwapani, asichovye vidole vyenye ganzi kwenye maji ya moto, ataungua asijue. Kikitokea kidonda, aje mbio. Na ile sufuria aiache.

Bi Hermelinda alipopelekewa habari, alisema nesi huyo hajawahi kuzungusha hata kijiko cha chai. Viganja vya moto vikishika shaba, duka litauza juisi.

Jumapili, mama mkwe akiwa kanisani, Zoila alimkalisha Olmedo kwenye sufuria, yeye akashika mwiko wa nogada. Olmedo alizungusha huku akichungulia mlangoni kama mwizi. Bibi aliporudi, akawekewa bakuli la stafeli. Akaonja, akafumba macho.

"Mnaona? Huu ni mkono wa mkwe wangu."

"Ni wangu, mama," Olmedo akasema, akijificha nyuma ya mkewe, ingawa alibaki amejitokeza pande zote mbili.

Bibi akaonja tena, akilitafuta kosa kwa kijiko alichokishika kupitia pindo la shali. Hakulipata. Zoila alingoja kuambiwa afungashe nguo zake.

Badala yake Bi Hermelinda alitoa mikono yote miwili ndani ya shali, ambamo ilishinda kila siku. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe kama chokaa.

"Miaka arobaini nilizungusha, nikidhani ndiyo alama ya fundi," akasema, akavuta kigoda karibu na moto wa nogada. Kisha, kwa sauti ya chini, "Huyo nesi wako, binti yangu, kuhusu miguu alisemaje?"

Zoila akaenda kumletea soksi nene za Olmedo, pea mbili.

Wiki mbili baadaye, jioni, Nayeli alikuwa chini ya kitanda kwa mazoea. Mkono wenye joto ukamfuata huko, unanukia sukari ya nogada, ukamshika mguu. Mtoto hakupiga kelele. Aliupapasa kwanza, kidole kwa kidole.

"Mama," akaita, "huu mkono ni wa nani?"