Buibui wa Ludivine

Mwaka uliofuata mazishi ya mama yake, Ludivine alihamia Lyon, ng'ambo ya bahari. Nyumbani kisiwani, Morne-Rouge, alimwachia baba yake sanduku refu la kioo lenye gome la mti ndani, na juu ya gome hilo buibui mkubwa wa manyoya, kijani mgongoni, mwekundu tumboni.

"Nyenje mmoja kila wiki," alimwagiza. "Maji nyunyiza upande mmoja tu. Na matundu usiyazibe, hewa ikisimama anakufa."

Akaondoka bila kumpa mkono. Baba yake, Anatole, hakumlaumu. Siku mkewe anakata roho akimwita, yeye alikuwa kwenye mapambano ya majogoo, simu kaizima.

Lakini kwa sababu ya buibui, Ludivine alipiga simu kila Jumapili.

"Amekula?"

"Amekula, mwanangu. Kamdaka nyenje hata hajagusa chini! Na wewe, baridi huko?"

"Usisahau maji, Baba. Haya, kwaheri."

Dakika mbili, na Anatole alizingoja wiki nzima. Alitambaa bustanini akisaka nyenje, jirani yake Zélie akimcheka ng'ambo ya ua.

"We Anatole! Mke wa miguu miwili hukumchemshia hata chai, leo huyu wa minane unamwindia kitoweo?"

"Cheka tu, Zélie. Huyu ndiye anayeniletea mwanangu."

Jumapili moja Ludivine aliuliza, "Na wewe Baba, umekula?" Anatole akamweleza samaki wa chumvi alivyompika, pilipili aliyotia, kila kitu, mpaka binti akacheka. Siku ile Anatole alishinda akiimba.

Jumatano iliyofuata sisimizi wakavamia jamu ya mapera jikoni. Anatole akatwaa kopo la dawa ya wadudu, akapuliza kabatini, kwenye nyufa, chini ya mlango. Buibui hakumjia akilini, mpaka alipomwona ameteremka sakafuni mwa sanduku, anayumba kama mlevi. Alimkimbiza nje kwenye upepo, akampepea kwa kofia.

"Vuta hewa, mama. Vuta."

Ilipofika alasiri miguu yote minane ilikuwa imejikunja chini ya tumbo. Alimngoja siku tatu, akimnyunyizia maji, akijidanganya kwamba anabadilisha ngozi. Siku ya nne alianza kunuka.

Jumapili simu ililia.

"Amekula?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ukakataa kutoka.

"Amekufa, mwanangu. Nilipuliza dawa ya sisimizi."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa hapo hapo jikoni."

"Ulikuwepo," Ludivine alisema taratibu. "Kumbe kuwepo kwako na kutokuwepo ni hivyo hivyo tu."

Akakata.

Jumapili iliyofuata Anatole alipiga simu mwenyewe. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga nyingine, na nyingine. Zélie alipomletea mchuzi alimkuta ameshika simu, chakula cha jana hakijaguswa.

"Hajapokea?"

"Yuko kazini."

"Jumapili, Anatole?"

Anatole alibonyeza namba tena, akaiweka simu sikioni.