Hukumu ya Gari Jekundu

Pale Ukunda penye kuoshea magari, mimi Swabir huitwa Jaji. Sikusomea sheria, kazi yangu ni sabuni na mpira wa maji. Lakini ubishi wa magari huletwa kwangu, na nikishasema nimesema. Cheo hicho nilikipenda kupita kiasi. Siku hizi nikiitwa hivyo, masikio huniwaka.

Jumatatu moja Gilbert, dereva wa hoteli moja ya Diani, alinirushia video mbili. Magari mawili, jekundu na jeusi, kila moja limeuzunguka peke yake ule uwanja maarufu wa Nurburgring kule Ujerumani, kilomita ishirini na ushee za kona na misitu. Jekundu lilitumia dakika saba na sekunde moja. Jeusi, dakika saba na sekunde tatu.

"Jaji, amua. Gani iko fast?"

"Hesabu ya chekechea hiyo," nikasema. "Jekundu."

Nyuma yetu alikuwa amesimama Bi Twaiba, anayetuuzia mahamri. Aliolewa na Mjerumani mzee, akaishi huko miaka mingi, akarudi mjane.

"Hebu rudisha pale mwanzo, mwanangu," alisema. "Hilo jekundu, saa imewashwa likiwa limeshalipita jukwaa la watazamaji. Hayakuzunguka sawa. Kipande hicho ni sekunde nne, tano hivi. Jeusi ndilo lenye mbio."

Watu wakanigeukia. Nilihisi cheo kinaniponyoka, na mdomo ukanitangulia.

"Bi Twaiba, wewe Ujerumani ulipelekwa kumkanda babu miguu. Mambo ya magari tuachie wenyewe."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alifunika ndoo yake ya mahamri, akasema "haya," akaenda zake.

Mchana, magari yalipopungua, nilizitazama zile video mara tatu. Jeusi linaanzia mbele ya jukwaa na kumalizia papo hapo. Jekundu linaanzia mbele zaidi, na saa yake inazimwa kabla halijalifikia jukwaa tena. Bi Twaiba alikuwa amesema kweli tupu. Niliona haya peke yangu, sina hata wa kumficha uso.

Nilimfuata kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, na hilo liliniuma zaidi.

"Nimekuja kukutaka radhi. Ulijuaje?"

"Jukwaa lile nimelipiga deki miaka tisa," alisema, huku akikanda unga. "Mume wangu alikuwa hawezi kazi. Na miguu nilimkanda pia, Swabir. Alikuwa hatembei."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia kesho nitasema mbele ya watu wote, maana mbele yao ndiko nilikomvunjia heshima.

"Ukipenda, mwanangu," alisema.

Kesho yake Gilbert alifika mapema, na watu walikuwa wale wale, Bi Twaiba na ndoo yake akiwemo.

"Kuna mgeni hotelini amesema hizo lap si sawa," alisema. "Mama, jana ulikuwa unasemaje?"

Bi Twaiba akanitazama mimi. Zamu ilikuwa yangu. Maneno nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Nilifungua mdomo, nikaziona nyuso zile, nikaufunga. Nikainamia gurudumu na kulisugua mahali palipokwisha kutakata.

Bi Twaiba aliniona. Huku kwetu tumelelewa kumsitiri mwenzetu aibu isimfike, na yeye malezi hayo yalimwingia barabara.

"Nilichanganya, baba," akamwambia Gilbert. "Uzee huu. Jaji alisema sawa."

Hata hapo nilikuwa bado na nafasi. Nilisimama, nikajifuta mikono, wote wakinitazama.

"Si neno, Bi Twaiba," nikasema. "Tumekusamehe."

Alinishukuru, akanipa mahamri yangu mawili kama kila siku.