Ubao wa Ardis

Uso wa Ardis ulitoka kwenye ubao ukiwa na wino mbichi, na Wendell Haskin akautazama karatasini mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha, kama kawaida yake, akaikunja karatasi na kuitia jikoni, katikati ya kuni. Moto ukamla mkewe tena.

Maisha yake yote alichonga mbao na kuzichapa katika vilima vya Vermont, lakini hakuna picha iliyogombewa kama ile ya Ardis akianua nguo zilizoganda kwa baridi. Aliwaahidi wanunuzi kwamba idadi ya chapa aliyoipanga ikishatimia ataukwaruza ubao kwa patasi, pembe hadi pembe, kama desturi ya kazi ilivyo, asiweze mtu kuchapa nyingine. Chapa zikatimia. Ardis akafa. Patasi ikawa nzito mkononi. Akajituliza kwamba chapa inayochomwa si chapa.

Mlango ukafunguka. Jirani yake Lucille Bascomb, aliyekuwa mpishi wa shule, aliingia na pai ya tufaha, akikung'uta theluji.

"Bado u hai, zee la vumbi?"

"Kwa bahati yako mbaya."

Lucille akacheka. "Ile picha yako ya Ardis nimemwandikia mjukuu wangu kwenye wosia. Marehemu mume wangu Floyd angefufuka kama angejua niliuza boti yake ninunue karatasi! Nimemwambia mtoto aitunze, ubao wenyewe ulishaharibiwa. Si uliuharibu?"

"Zamani," alisema Wendell.

"Najua. Wewe huna maneno mawili." Akaanza kukata pai, bila hata kumtazama.

Afadhali angemtukana. Wendell alilitazama jiko. Alikuwa ameogopa kumtia Ardis mkwaruzo mmoja, na humo ndani alikuwa amemchoma mara ngapi?

Akafunua turubai lililoufunika ubao mezani. Ulikuwa mzima, ukimeremeta wino.

"Nimekudanganya, Lucille."

Kisu kikabaki ndani ya pai. "Mungu wangu! Nyingine umemuuzia nani?"

"Hakuna. Nachapa moja, nikishamwona naichoma."

"Unamchoma Ardis?"

Wendell alichukua patasi, akaikita kwenye pembe; ubao ukateleza mezani.

"Si lazima usoni," Lucille alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Pitisha kwenye nguo."

"Niliahidi pembe hadi pembe."

Lucille akafuta mikono kwenye sketi, akaushika ubao kwa nguvu, kisha akageuzia uso dirishani asione patasi ikipita.