Tezi za Meneja

Sikia nikutege, na usimwulize jirani: wangu ni wengi kama mchanga, hupita mlangoni mmoja mmoja, wakimulikwa hutaja ukoo wao bila kufungua kinywa. Umeshindwa? Ni chembe za mwili, ndani ya mashine niliyoonyeshwa siku mbwa wetu Meneja alipovimba tezi za shingo.

Daktari wa wanyama, mama mwenye mikono myepesi, alichoma sindano kwenye tezi akavuta majimaji. Akatueleza kwamba fundi wa maabara atazitia chembe rangi, kisha mashine izipitishe kwenye mwanga. Alitaka kujua kama ni saratani, na kama ndiyo, ya ukoo upi, maana kila ukoo na dawa yake. Kabla ya kwenda akauliza kama Meneja ameshapewa dawa yoyote. Nikajibu mimi, mdomo mbele, kwamba hata tone. Mume wangu aliinama kufunga kamba za kiatu.

Basi tukangoja. Mwenzangu hakutulia. Dirishani, mlangoni, dirishani tena. Tangazo la dawa ya minyoo alilisoma mpaka nikadhani anataka kuinunua. Nikamsihi akae, akasema kiti kina moto. Binti yetu akamtania:

"Baba, mgonjwa nani hapa? Meneja kalala, wewe ndiye unayehema."

Hakucheka, naye ni mtu wa kucheka.

Daktari alirudi amekunja uso. Chembe nyingi zimekufa, akasema, na zilizobaki hazieleweki, kama kwamba kuna kitu kimetangulia kikafagia nyumba. Akikisia, huenda akampa Meneja dawa isiyo yake, akatupotea ilhali angepona. Akauliza tena, polepole, safari hii hakunitazama mimi:

"Kuna dawa yoyote ameshapewa?"

Nilitaka kuapa. Binti akanishika mkono.

Mume wangu akakaa, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mbwa.

"Vidonge vyangu vya viungo," akasema. "Vile vya kutoa uvimbe. Nilimfichia ndani ya mkate, asubuhi na jioni, tangu Jumapili. Tezi zilikuwa zinanywea, mama watoto. Nilidhani namponya."